Mnyonya Damu wa Saa Kumi

Tamthilia ilianza saa kumi alasiri. Ikifika saa kumi kasoro robo, saluni yangu pale Bagamoyo ilikuwa imeshajaa wanawake ambao hawakuja kusuka. Ilikuwa tamthilia ya nje iliyowekewa sauti za Kiswahili, na mhusika wake mkuu alikuwa mnyonya damu, mwili mmoja wenye watu wawili ndani. Mmoja mpole, anatibu wagonjwa bila malipo na kulea mtoto yatima. Akija yule mwingine, macho yanabadilika, na asubuhi inaokotwa maiti. Yule mpole hakumbuki kitu. Anaosha mikono na kujiuliza damu ile imetoka wapi.

Kila siku tulibishana jambo hilohilo: ni mtu mmoja au ni wawili?

Mwalimu wa sekondari, mama wa bara aliyehamia kwetu kikazi, alikuwa upande wa mmoja. "Mikono si ni ileile?" alisema siku moja, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu namsuka. "Yule mkali anafanya yale ambayo mpole anayameza."

"Hapana, Mwalimu," nilimjibu. "Yule mkali ni ugonjwa, na ugonjwa si mtu."

"Ugonjwa hautungi maneno, mwenzangu. Msikilize anavyosema. Anajua pa kuchoma."

Nilimvuta nywele mpaka akapiga kelele. Wote wakacheka, wakasema mimi ni shabiki kupindukia. Niliomba radhi, nikaendelea kusuka.

Walijua kuwa baba yangu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Walichokuwa hawajui ni maneno anayoniambia.

Baba alikuwa fundi redio. Maisha yake yote sikumsikia akipaza sauti. Kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, aliniita "mama", na hata nilipokuwa mtu mzima mwenye talaka mbili alinipokea mlangoni kwa neno hilo, akanichukulia mzigo. Ugonjwa ulipomwingia, kwanza alisahau njia ya msikitini, kisha akasahau majina ya vifaa vyake. Halafu akaanza kubadilika. Kuna siku aliamka ni yeye, ananiuliza kama nimekula. Kuna siku aliamka ananitazama kama mwizi aliyeingia ndani.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Wewe ulimwachia," alisema. "Mwanangu alikuwa amekushika, ukamwachia."

Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu wa kiume sita. Tulikwenda kwa bibi, kijijini Mlingotini, tukaingia kwenye mikoko kuokota kombe za kula, maji yakajaa tukiwa ng'ambo. Nilimshika mkono tukivuka. Halafu mkono wangu ukawa mtupu. Watu wazima walimpata kesho yake. Baba alinikumbatia mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Ni kazi ya Mungu, mama. Hukufanya kosa." Neno hilo ndilo lililonilea. Miaka zaidi ya thelathini nimeishi juu yake.

Sasa karibu kila wiki alinirudishia lile jingine. Ulimwachia. Nami nikifungua saluni nilibishana na Mwalimu kama mtu anayetetea kesi mahakamani. Wawili! Ni watu wawili!

Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Lugoba, alikuja kukaa nasi wiki moja. Siku ya tatu aliyasikia maneno hayo mwenyewe, amesimama mlangoni na bakuli la uji. Tulipotoka uani nilimwambia, "Usimjali. Si yeye anayesema."

Aliliweka bakuli chini. Kisha akasema, "Dada, nisamehe. Ni yeye."

"Una maana gani?"

"Mama aliniambia kabla hajafa. Siku ya matanga, watu walipoondoka, baba alimwambia maneno hayohayo, kwamba ulimwachia. Mama akamwapisha asiyatamke tena maisha yake yote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?"

Uji ulikuwa unapoa, nikauchukua nikaenda kumlisha.

Kuanzia hapo nilikaa nasubiri siku ambayo ataamka mpole. Ilichukua siku nyingi. Ilipofika, nilimkuta ameketi kitandani, uso umetulia. "Mama," aliniita, "umekunywa chai?"

Nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nataka kukuuliza kuhusu mdogo wangu. Yule aliyezama Mlingotini. Mimi nilimwachia?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikia msiba wa jirani.

"Nani alizama?"

"Mwanao, baba. Mwanao wa kiume."

"Mimi sina mtoto wa kiume," alisema taratibu, akinipapasa kichwa. "Nina nyinyi wawili tu. Usilie, mama."

Nililia mapajani mwake, naye akawa ananibembeleza bila kujua sababu. Yule aliyenipenda alikuwa amemsahau kabisa mdogo wangu. Aliyemkumbuka, aliyebeba jina lake na sauti yake, ndiye aliyenichukia. Nilitaka niwe na baba ambaye ana vyote viwili, anajua na ananisamehe, na mtu huyo hakuwamo tena ndani ya mwili ule. Huenda hakuwahi kuwamo.

Niliacha kubishana. Tamthilia iliendelea, Mwalimu akawa ananichokoza, "Vipi, umeshindwa hoja?" Nikamwambia ndiyo, nimeshindwa. Hakupenda ushindi wa namna hiyo. Akageukia tivii.

Baba alifariki masika yaliyofuata. Siku tatu za mwisho hakusema kitu, si "mama" wala lile jingine. Nilikaa karibu na mdomo wake muda wote. Nilikuwa tayari hata kwa tusi. Alikata roho asubuhi, mdogo wangu, aliyekuwa amerudi kusaidia kumuuguza, akiwa ameenda kuchota maji.

Kwenye hitima wazee wenzake walinizunguka kunipa pole. "Baba yako alikuwa mtu wa pekee," mmoja aliniambia. "Hakuwahi kumsema mtu vibaya."

"Ni kweli, mzee," nikamjibu, nikaenda uani kupakua wali wa wageni.