Shanga za Mama Siku ya Kupimwa

Ukikatiza nyuma ya zahanati yetu ya Kaole wiki ile, harufu iliyokupokea ilikuwa ya siki, si ya dawa. Wauguzi waliokuja kuwapima kina mama saratani ya mlango wa kizazi walipaka siki mahali pale, na penye kasoro pakageuka rangi. Kina mama walicheka mpaka machozi: jamani, leo tumekuwa kachumbari! Nilikuwa na miaka kumi, nikacheka nao bila kujua kinachochekwa.

Mama hakucheka. Alikuwa akitokwa damu nje ya siku zake. Nilimsikia akimwambia baba. Asubuhi alikwenda zahanati, kabla ya adhuhuri karudi, hajapimwa. Kisa? Shanga. Kwetu mke huvaa shanga kiunoni, na wanaozijua ni mumewe na somo yake, yule mama aliyemfunda alipovunja ungo. Muuguzi mgeni azione? Thubutu! Na kuzivua hakutaka, maana mke huziweka kando akiwa edani, na baba alikuwa mzima, yupo uani anafua nazi.

Alasiri akaja somo yake, Bi Mwanahawa, kapandwa na hasira.

"Nilikufunda kukaa na mume, sikukufunda kufa," alisema. "Kesho utanipa mimi hizo shanga."

Kesho yake Bi Mwanahawa alikaa mlangoni pa chumba cha kupimia, kanga imetandazwa mapajani. Mama akamkabidhi shanga zake, akaingia. Kuona hivyo, wenzake nao wakaanza kuvua, mmoja mmoja. Mama alikutwa na madoa, yakagandishwa kwa baridi kali siku ileile, kabla hayajawa saratani. Nililia sana kusikia neno saratani, nikidhani mama ndiyo basi tena.

Siku hizi hakuna kungoja wageni. Kipimo kipo hata hapa Kerege ninapoishi, na simu hunikumbusha. Nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na huu mwaka wa pili najibu nitakwenda nikipata nafasi. Aibu sina, nina shughuli tu. Ila naona zote mbili zinamchelewesha mtu vilevile. Juzi mama alikuja kunitembelea, akaniuliza kama nimepimwa. Nikaanza kumweleza habari za kazi, macho yangu kwenye simu. Hakunigombeza. Nilipoinua uso alikuwa ameshavaa baibui, kasimama mlangoni.

"Haya, nyanyuka twende."