Binti Niliyemkadiria Mara Mbili

Swali lenyewe niliulizwa jikoni, katika nyumba moja ya Al-Naseem, mashariki ya Riyadh, nikiwa nachambua mchele. Madam aliingia akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akaniambia kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha shule:

"Wewe ulikuwa mwalimu. Niambie ukweli. Binti yangu ataingia udaktari?"

Ni kweli nilikuwa mwalimu. Nilifundisha hesabu na kemia katika shule ya kutwa magharibi mwa Kenya, nikiwa nimeajiriwa na bodi ya shule kwa kuwa serikali ilikuwa bado haijanipa nafasi. Nilisubiri nafasi hiyo mpaka nikachoka, kisha nikafanya walivyofanya wanawake wengi wa miaka ile: nikamtafuta ajenti Nairobi. Ajenti alinishauri nisitaje kwamba nimesoma chuo, eti madam hawampendi mfanyakazi msomi. Nikataja. Madam huyu aliniambia baadaye kwamba ndicho kilichomfanya anichague miye kati ya wote aliowekewa mbele, maana alitaka mtu wa kuzungumza Kiingereza na wanawe.

Kule shuleni kwetu, kabla ya mtihani wa taifa, walimu tulikuwa tukikaa na kumkadiria kila mtahiniwa: huyu atapata nini, yule ataishia wapi. Nilikuwa na sifa ya kutokosea sana. Sikuwa na siri yoyote. Nilikuwa simwangalii mtoto kwa alama zake bali kwa vile anavyofanya akikutana na swali lililomkataa. Kuna anayelirudia hadi litoe jasho. Kuna anayemchungulia jirani. Kuna anayeliruka, akaendelea na lifuatalo kana kwamba lile halikuwahi kuandikwa.

Binti wa madam alikuwa wa kuruka.

Alikuwa kifungua mimba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kushika jambo na mwepesi wa kulitupa. Alitaka udaktari, na hakuutaka Riyadh, aliutaka Jeddah, alikozaliwa mama yake na ambako bibi yake mzaa mama alikuwa bado anaishi. Chuo alichokitaka kilikuwa kinakimbiliwa na wasichana kutoka kila pembe ya nchi. Walipima kwa mambo matatu yaliyochanganywa pamoja: alama za shule, mtihani wa akili wa taifa, na mtihani wa masomo ya sayansi. Alama zake za shule zilikuwa nzuri, lakini za kila mtu zilikuwa nzuri. Mtihani wa akili alikuwa ameufanya mara moja na matokeo yakamfanya ashindwe kula chakula cha mchana.

Kwa hiyo nilimjibu madam kama ambavyo ningemjibu mwalimu mkuu wangu. "Madam, mimi sioni akiingia."

Alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi sioni." Sikujua kama alisikitika au alipumua. Alitaka mtoto afaulu, na alitaka mtoto abaki Riyadh, na mambo hayo mawili hayakuwa yakiishi vizuri ndani ya mtu mmoja. Akachukua glasi ya maji akatoka.

Siku iliyofuata binti alinipandia juu ya paa, ninapoanika nguo.

"Mama alikuuliza. Ulisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na shuka mikononi, jua la Riyadh linanipiga kisogoni, na sikuona faida ya uongo.

"Nilisema sioni ukiingia."

"Kwa nini?"

"Unaruka maswali."

"Kila mtu anaruka."

"Wenzako wanaliruka swali halafu wanalirudia. Wewe hulirudii."

"Halas," akasema, yaani basi, yamekwisha, na akateremka ngazi. Tangu hapo hakunisemesha. Alipotaka chai alikwenda kujipikia, na jiko akaliacha limetapakaa majani.

Nyumba nzima ilikuwa na maoni yake. Dereva alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Machakos, Mkristo wa kanisa kubwa kule kwao ambaye hapa aliimba nyimbo zake ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Ndiye aliyempeleka binti shuleni na kumrudisha, kwa kuwa miaka hiyo wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kuendesha. Nilipomweleza, alicheka.

"Dada, hapa si kwetu. Hapa ni wasta. Baba akipiga simu moja kwa mtu anayejuana naye, mtoto ameingia, na hizo hesabu zenu mtazitupa."

Lakini baba mwenye nyumba hakuwa mtu wa simu hizo. Alikuwa mhasibu wa ofisi ya serikali, mtu mkimya aliyekuwa akirudi nyumbani na viatu vimejaa vumbi kwa kuwa aliegesha mbali kuepuka kubishana na watu juu ya kivuli. Siku moja dereva alikuja jikoni amekunja uso. Ndani ya gari alikuwa amemsikia baba akizungumza na ndugu yake mmoja, na huyo ndugu alikuwa amejitolea kumtafutia binti njia kule Jeddah.

"Unajua alimjibu nini? Eti binti yake ataingia kwa mlango au atakaa nyumbani." Dereva akatikisa kichwa kama mtu aliyeona chakula kinamwagwa. "Kweli Mungu humpa karanga asiye na meno."

Nilimheshimu baba kwa jibu lile, na papo hapo nikapunguza zaidi makadirio yangu.

Kule kununa kwa binti kulikatika ghafla. Alasiri moja nilikuwa mezani nikikunja majani ya mzabibu kwa wali, kazi ya vidole inayokula saa nzima, akaja na kitabu chake kinene cha mazoezi akakiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Kaa hapo hapo. Usiseme kitu."

Nikakaa. Maswali yalikuwa ya Kiarabu, nami Kiarabu cha maandishi sikukijua; hata kama ningetaka kumfundisha nisingeweza. Nilikunja majani. Yeye alisoma, akaandika, akafuta. Alipofika kwenye swali lililomkataa, niliona kalamu inainuka na kusogea kwenda kwa linalofuata. Nikainua macho.

"Usiniangalie!"

"Umeniambia nisiseme. Hukuniambia nisikuangalie."

Alijizuia kucheka akashindwa. Kisha kalamu ikarudi.

Tukafanya hivyo alasiri kwa alasiri hadi majira ya mitihani. Mimi na vitunguu, mimi na bamia, mimi na pasi, na yeye ng'ambo ya meza akihangaika. Kuna siku alitupa kitabu sakafuni. Kuna siku alilia, nami nikaendelea kumenya viazi kwa sababu sikujua kama cheo changu katika nyumba ile kiliniruhusu kumshika bega. Madam alikuwa akipita mlangoni, anatutazama, anaendelea na safari yake. Mtihani wa akili aliurudia, na matokeo yakapanda, ingawa si kwa kiasi cha kunifanya nibadili neno langu. Nami sikulibadili.

Majina yalitoka ndani ya Ramadhani, alasiri, nikiwa nakaanga sambusa za kufuturia. Orodha ya kwanza haikuwa na jina lake. Alishuka kutoka chumbani, akasimama karibu na jiko, akaniambia, "Umeshinda." Nikamwambia mafuta yanaruka, asogee. Ndilo jambo nililoweza kusema.

Orodha ya pili ilitoka baada ya Idi, wale waliopata vyuo viwili walipokwisha kuchagua na kuachia nafasi. Nilikuwa bafuni nasugua sakafu niliposikia kelele, nikadhani mtoto mdogo ameanguka. Nilipotoka nikamkuta madam ameketi kwenye ngazi, mikono kichwani, na binti anaruka ruka ukumbini na simu. Amechukuliwa Jeddah, mwaka wa maandalizi wa masomo ya afya. Baba aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaenda kutawadha. Alisali na alichelewa sana kuinuka kwenye sijida.

"Unaona?" dereva aliniambia jioni ile. "Nilikuambia wasta."

Nilimkumbusha jibu la baba mle ndani ya gari. Hakubadilika. Mpaka naondoka Riyadh aliamini kuna simu ilipigwa asipokuwepo.

Upande wangu, nilikuwa nimekosea, na sikujisikia vibaya. Niliona ajabu tu, kama mtu aliyepima kitambaa kwa mkono wake mwenyewe miaka yote, kisha siku moja akakuta kimezidi.

Hata hivyo kosa langu lilinihamisha. Madam alikuja jikoni akaniambia kwamba bibi wa Jeddah ana magoti mabovu, binti hawezi kupika na kusoma, kwa hiyo nitakwenda naye. Hakuniuliza, na sikutegemea aniulize. Kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, alikuwa mumewe, ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa kwake, na pale walipotaka nifanye kazi ndipo penye kazi. Lakini nilikuwa na jirani Mganda niliyekuwa nikizungumza naye juu ya paa tunapoanika nguo, kila mmoja upande wake wa ukuta, na sikupata nafasi ya kumuaga. Nadhani alianika siku kadhaa akinisubiri.

Jeddah ilikuwa nchi nyingine. Riyadh nguo zilikauka kabla sijamaliza kuanika. Hapa zilikaa kutwa na bado zina ubaridi, mkate ukaota ukungu, na vioo vya madirisha vikawa na chumvi. Bibi aliishi ghorofa ya nne pamoja na paka wawili. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyezungumza kwa kasi ambayo Kiarabu changu hakikuifikia. Chuo kikuu alikiona kama mahali wasichana wanakwenda kushinda na njaa. Kila asubuhi alimfungia mjukuu wake chakula cha watu watatu, na kila alasiri akafungua mkoba wake kukagua kilichobaki.

Mwaka ule wa maandalizi ndio uliokuwa mchujo wenyewe. Wote walikuwa wameingia masomo ya afya, lakini mwishoni wangepangwa kwa alama: walio juu kabisa udaktari, wanaofuata meno na dawa, wengine uuguzi, maabara na kadhalika. Masomo sasa yalikuwa kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza niliweza kusoma kilichomo kitabuni mwake. Hakuhitaji. Alikuwa akikaa mezani peke yake, na swali likimkataa alilikodolea macho, akainuka, akazunguka chumba, akarudi kulikabili. Nilimwona akikaa na tatizo moja la kemia tangu alasiri hadi bibi alipokasirika kwamba supu imepoa.

Kwa hiyo madam aliponipigia simu na kuuliza, "Sasa unasemaje?" sikusita.

"Safari hii naona, madam. Ataupata udaktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuupata. Zilipungua alama kidogo sana, na akapangwa maabara. Alirudi kutoka chuoni, akavua abaya, akaketi mezani kwa bibi yake na kulisema jambo lile kama mtu anayetoa habari za mtaani. Bibi akamsogezea sahani ya wali. Mimi ndiye niliyetafuta kiti.

Madam alipiga simu usiku haujaingia.

"Ulisema ataupata."

"Nilisema, madam."

"Na mara ya kwanza ulisema hataingia kabisa."

"Nilisema hivyo pia."

Nikajiandaa kugombezwa. Halafu nikasikia anacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kumsikia nacho mle nyumbani kwake, hadi akalazimika kukata simu.

Kesho yake nilimkuta binti kwenye roshani akiwalisha paka.

"Umesikitika kuliko mimi," akaniambia.

"Wewe hukusikitika?"

"Nilisikitika asubuhi. Nililia chooni chuoni, tulikuwa wengi, tulipanga foleni ya sinki." Akamsukuma paka mmoja aliyemnyang'anya mwenziwe. "Halafu nikaenda kumuuliza mwalimu wa maabara wanafanya nini huko. Akanionyesha damu kwenye darubini. Nikakaa mpaka wakafunga."

Hakuomba kupangwa upya, ingawa baba yake alimwambia anaweza kurudi Riyadh na kuanza tena mahali pengine. Madam aliniuliza kama nadhani atalimaliza somo hilo. Nikamwambia sijui, na sikuwa nakwepa.

Muhula uliofuata alikuja na vifaa alivyopewa kujifunzia makundi ya damu. Alinikalisha jikoni, akaniosha kidole kwa spiriti, akanichoma. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko nilivyotarajia. Akaweka matone kwenye kigae, akayachanganya na dawa, akainama kuyatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bibi alikuwa pembeni akilalamika kwamba tunachafua meza ya chakula.

"Wewe ni O," akasema. "Ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile bila kuulizwa na mtu.

Mkataba wangu ulipokwisha, baba alinitengenezea karatasi za kuondoka bila kunisumbua, jambo ambalo si kila mwenzangu alilipata. Asubuhi ya safari binti alikuwa na mtihani wa vitendo. Tuliagana mlangoni, koti lake jeupe likiwa mkononi, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Utanitakia heri au utakadiria?" akaniuliza.

"Nakutakia heri."

"Ahsante. Yalla, nitachelewa." Akanikumbatia upesi, akashuka ngazi mbili mbili, nami nikarudi ndani kumalizia kumpigia bibi pasi nguo zake za wiki.