Fundi Lanying na Irabu Iliyopotea

Ni Oktoba mwaka 2024, majira ya mvua, mjini Bwera, magharibi mwa Uganda. Saa mbili asubuhi Huang Lanying ameinamia cherehani yake barazani, pini amezibana midomoni. Anakunja pindo la gauni jeupe la arusi ambalo aliyeliagiza halitaki tena.

Lanying, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alizaliwa Fujian, nchini China. Kiwanda cha nguo kilichomwajiri kilipofungwa, alimfuata binamu yake aliyekuwa na duka Kasese. Binamu alirejea kwao. Yeye akahamia Bwera. Wiki ikiwa njema hubakiwa na shilingi laki moja, na nusu yake humtumia binti yake anayesomea uuguzi.

"Kule kiwandani nashona mukono ya kushoto tu, miaka yote," anasema. "Hapa nashona mutu muzima."

Kiswahili alikiokota sokoni, na sokoni kikamponza. Mwezi uliopita Kavira, bibi arusi mtarajiwa, alikuja kujaribu gauni pamoja na mama yake, Jeanine, muuza vitenge sokoni hapo, kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Lanying alitaka kusifu jinsi nguo itakavyomfaa binti. Badala ya "kufaa" akaikata irabu ya mwisho, na kwa uso wenye furaha akamwambia mama: "Kavira atakufa na gauni hii."

Jeanine alimshika bintiye mkono wakaondoka. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa limesikia kwamba Mchina amemtabiria bibi arusi kifo. Wateja wakaja, mmoja mmoja, kuchukua vitambaa vyao.

Ni Medius, fundi mwenzake wa baraza hilo, aliyemfafanulia alichokisema. "Mama Lani, umeua mutoto ya watu bila kisu," alimtania, kisha akamwona analia, akaacha utani.

Lanying hakuacha kushona. Anasema aliahidi gauni, na ahadi haikufutwa na hasira ya mtu. Akikosa wateja hadi Krismasi, atalazimika kuuza cherehani na kurudi kwao. Akisalimika, atanunua ya pili na kumfundisha kazi msichana mmoja wa hapa.

Kabla hajamaliza pindo, Jeanine anaingia barazani, Kavira nyuma yake. Medius alikwenda kwake jana jioni kumweleza kisa cha irabu. Kavira analivaa gauni. Mama anamzunguka, anagusa mishono.

Kisha anamshika Lanying mkono na kumpeleka sokoni, kibanda hadi kibanda. "Mimi ndiye nilichafua jina ya huyu mama," anawaambia wenzake. "Hakulaani mutoto. Ni neno tu lilimuponyoka. Murudishe vitambaa vyenu."

Mvua inaanza. Lanying anamsihi waishie hapo, inatosha.

"Bado," anajibu Jeanine, akijifunika kitenge kichwani. "Kwa wauza samaki ndiko nilisemea kwa nguvu."

Anamvuta, wanakwenda kwa wauza samaki.