Jiwe Lililopikwa

Juzi pale mtaani Izia niliona ukingo uliochimbwa ili kujenga nyumba: juu udongo mwekundu, chini jiwe lenye michirizi. Ile harufu mbichi ya ardhi ikanirudisha shambani kwa bibi.

Siku moja, nikiwa bado mtoto, alikuja huko mtaalamu wa udongo. Shikamoo yake ilikuwa tamu mno, na bibi aliitikia nusu. Akachimba shimo katikati ya shamba letu la ulezi, nyundo ikalia juu ya jiwe, kisha akaanza kutia udongo kwenye vifuko. Bibi akaacha jembe. Kwetu, anayebeba udongo wa shamba lako anabeba mavuno yako.

"Huo unaupeleka wapi, bwana?"

"Kuupima, bibi. Udongo huu umezaliwa na hili jiwe. Na jiwe lenyewe zamani lilikuwa la namna nyingine, likapikwa huko chini mpaka likapata michirizi."

"Likapikwa na nani?"

Akasema ni joto tu. Bibi akanitazama, nami nikajua mtu huyu ni mwongo.

"Jiwe chukua," bibi akamwambia. "Udongo mwaga."

Akamwaga. Alipoondoka, niliukanyagakanyaga ule udongo usije ukamfuata.

Leo najua alisema kweli: tulimwachia jiwe, yaani mama, tukang'ang'ania udongo, mtoto wake. Hata hivyo, pale Izia kipande cha jiwe nilichookota kilipogeuka unga mkononi mwangu, nilikung'uta viganja vyote viwili kabla ya kuondoka. Mwenye kiwanja alikuwa amesimama juu ya ukingo, ananitazama.