Kipande cha Ngano cha Don Hilario

Casilda Borrego alirithi kombaini ya baba yake, mashine kubwa ya kuvunia, na pamoja nayo tabia ya kufumba mdomo. Kila kiangazi alivuna ngano kwenye mashamba ya watu wa nyanda za La Serena, na kila kiangazi visu vya kombaini vilipita juu ya viota vya kipanga anayetaga chini, katikati ya ngano. Ndege huyo alikuwa anakaribia kutoweka, na sheria ilimlinda. Wenye mashamba waliamini kiota kikigunduliwa tu, shamba zima litafungwa. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kiota.

Mwaka ule, shambani kwa Don Hilario, kipanga jike aliruka ghafla mbele ya mashine. Casilda akakanyaga breki, akashuka. Vifaranga watatu walikuwa chini, midomo wazi.

Don Hilario akaja mbio, akihema. "Mbona umesimama?"

"Kuna watoto hapa."

"Mimi sioni kitu. Washa mashine, binti."

"Basi waondoe wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Mzee alichungulia, akakuna kichwa.

Casilda akampigia simu Nemesia, askari wa wanyamapori aliyesoma naye shule ya msingi. Don Hilario akashika kiuno, akingoja balaa lake.

Nemesia alifika, akazunguka kiota taratibu. "Sheria inasema wasidhuriwe," akasema. "Haisemi ngano yako ioze. Mzee, niachie kipande chenye ukubwa wa chumba chako cha kupikia, nikizungushie wavu mbweha asiingie. Kwingine kote vuna."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Wakisharuka, hicho nacho uvune."

"Miaka yote hii najificha kama mwizi wa kuku!"

Casilda alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Nemesia naye akashindwa kujizuia.

Tangu siku hiyo Don Hilario alikwenda shambani kila asubuhi, eti kukagua ngano. Vifaranga waliporuka, alitamba kwenye baa kwamba ni yeye aliyewalea.

Siku hizi wakulima wenyewe humpigia Casilda kabla ya mavuno. "Wangu wako karibu na mti wa mwaloni, usije ukawapitia!" Wachache bado wanaficha; Casilda hagombani nao, huenda polepole tu, macho mbele. Saa ya chakula hukaa kivulini mwa kombaini na mkate wake na soseji, akiwatazama vipanga wakishukia panzi aliowafurusha kwa mashine yake.