Aliyebaki na Simu Siku ya Mazishi

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Baba akasema ng'ombe wanataka mtu, nikaacha. Kuandika najua, ila naandika kama ninavyoongea, mtanivumilia. Majina ya watu nayakumbuka yote, hata ya wale waliokuja kutusaidia kuvuna mtama mara moja wakaondoka zao, lakini humu sitamtaja mtu. Wengi wako hai, na jambo lenyewe bado halijapoa.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza wa kiume, anafanya kazi Musoma mjini kwenye chumba cha simu. Si simu za kuuza vocha. Ni chumba ambacho mama akishikwa na uchungu huko kijijini, au mtu akianguka ghafla, wanapiga namba ya bure. Anayepokea anauliza uko wapi, unajisikiaje, halafu anatafuta gari lililo karibu analituma. Anavaa hedifoni kichwani kutwa nzima. Akija nyumbani unaona nywele zimelala upande mmoja.

Walikuwa wanne mule ndani. Mjukuu wangu; mtoto wa shemeji yangu, ambaye mjukuu anamwita baba mdogo ingawa kiumri ni kama kaka yake; mkwe wetu, mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo huohuo; na kijana mmoja wa Manyamanyama, kule Bunda, ambaye hana undugu na sisi. Watatu ukoo mmoja. Msidhani ni upendeleo. Chumba kilipofunguliwa walitaka watu wanaojua vijiji na lugha zetu, maana mtu akiwa kwenye uchungu Kiswahili kinamkimbia. Wa kwanza akapata, akamwambia wa pili kuna nafasi, wa pili akamwambia wa tatu. Mume wangu alijivuna sana. Alikuwaga anawaambia wageni, "Ukipiga namba ile, unapokelewa na nyumba yangu."

Hatukuona ubaya wake. Hata mkuu wao hakuuona. Ni mama wa kutoka pwani, mpole, anaongea Kiswahili kile cha kupendeza mpaka unaona haya kujibu. Alibandika ukutani rosta ya zamu ya mwaka mzima. Likizo ina rangi yake, masomo rangi yake, anayetarajia kujifungua rangi yake, hata ugonjwa aliuachia nafasi. Mjukuu alinionyesha picha, nikamwambia imependeza kama kitenge. Msiba haukuwamo. Kwao, alisema yule mama, mtu huzikwa siku hiyohiyo na waliobaki wakarudi kwenye shughuli zao. Kwetu huku Butiama akifa mkubwa wa ukoo, wote wenye damu ile wanaondoka walipo, na hawarudi mpaka msiba ufagiwe: turubai lishuke, majivu yazolewe, uwanja upigwe ufagio.

Basi akafariki shangazi yao, mkubwa wa ukoo. Wakaenda watatu kuomba ruhusa pamoja. Mkuu akadhani wanamtania.

"Nyote shangazi mmoja?"

"Ndiyo mama, mmoja."

Wakaja. Kijana wa Bunda akabaki na zile simu, mkuu anampokea kidogo ili naye afumbe macho. Katika siku hizo simu moja iliita wakati yeye yuko kwenye nyingine. Ilikuwa ya mama mmoja wa upande wa ziwani. Alipokuja kuipigia ikapatikana, gari likaenda kwa kuchelewa, mama akapona. Mtoto hakulia.

Zamu ile haikuwa ya mjukuu wangu, lakini aliibeba yeye. Alikuja kuniambia, "Bibi, simu ile inaita, mimi nilikuwa hapa kwenye turubai nachambua mchele." Nikamjibu kama tunavyojibuga, kwamba ni mipango ya Mungu. Akasema, "Ya Mungu ipo bibi. Na ya kwetu?" Mkuu wao aliomba aongezewe watu, wa makabila mengine, wa wilaya nyingine. Akaambiwa asubiri kibali.

Wakasubiri. Na mume wangu akaanza kuvimba miguu. Moyo, daktari alisema, moyo umechoka. Akawa mtu wa kukaa barazani kwenye kiti chake cha kamba.

Sasa niwaeleze hawa wawili walivyokuwa. Mjukuu huyu aliletwa kwetu alipoachishwa ziwa, mama yake akaenda kutafuta maisha. Babu ndiye aliyempeleka kliniki kwenye baiskeli, amemfunga kwa shuka langu. Alimwita mke mdogo, na mimi mke mkubwa, kama mababu wote wanavyotaniaga wajukuu, lakini yeye aliutia chumvi utani wake. "Mke mkubwa, chai yako ina moshi. Mwache mdogo apike." Mtoto akifaulu shule, "Mke wangu ana akili, si kama mke wangu yule mwingine aliyekimbia darasa la nne." Nami namjibu, "Basi mwambie mwenye akili akukande huo mgongo." Na kweli anakuja kuukanda.

Siku moja amekuja kutoka Makoko, huko huko Musoma alikopanga, yuko nami jikoni, mimi nasonga ugali wa muhogo, yeye anatoa vichwa vya dagaa. Akasema, "Bibi, nataka kukuuliza kitu, usinipige."

"Uliza."

"Babu akiondoka..."

Nikampiga. Mwiko ulikuwa mkononi, ukamtua begani na ugali wake. "Funga mdomo! Unamwita nani?" Kwetu kutaja kifo cha mtu anayepumua ni uchuro, ni kukifungulia mlango na kukiwekea kiti.

Akajifuta bega, hakunyamaza. "Tutaondoka watatu tena, bibi. Mmoja lazima abaki na simu. Nataka tujue mapema ni nani, na wazee wakubali, asije kutukanwa mbele za watu."

"Nenda kanywe maji. Kichwa chako kina jua."

Barazani mzee akakohoa. Iliyokufa ni miguu, masikio yalikuwa mazima. "Nani huyo anayepangiwa safari bila kuulizwa? Njooni huku nyie wake zangu."

Tukaenda. Mjukuu akapiga goti.

"Mke mdogo, rudia hayo maneno."

Akarudia yote, na habari ya mtoto ambaye hakulia. Babu hakuwahi kuambiwa hiyo. Akasugua magoti yake muda, halafu akauliza, "Mimi nikiwa maiti nitahitaji watu wangapi?"

"Babu!"

"Nauliza. Wa kunibeba wapo. Wa kulia wapo, dada yangu peke yake anatosha kijiji kizima." Tukacheka, maana ni kweli. Akaendelea, "Baba yako mdogo simwachi. Ardhi yetu ni mawe, aje ashike sururu. Mkwe naye asipoonekana watasema hakufunzwa, maneno yatamfuata mpaka kitandani kwa mumewe. Lakini wewe ni mke wangu. Mkubwa atanizika, mdogo atalinda simu. Nani wa kumgombeza mke wangu?"

"Sawa babu."

"Umekubali upesi hivyo? Una mchumba huko Makoko?"

"Ninao wawili. Wote wana meno."

Mzee, ambaye meno yalikwisha zamani, alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, tukampa maji. Mimi pia nilicheka. Ndicho kicheko ninachorudiaga kukisikia. Pale barazani tuliwaza simu, tukawaza ukoo, tukawaza heshima ya mkwe. Hakuna aliyemwaza binti mwenyewe. Niliona maadam amelileta mwenyewe, basi ameridhia. Lakini alikuja kuuliza nani abaki. Hakusema nitabaki mimi.

Mzee aliwaita wakubwa wa ukoo akawapa neno lake kwa mdomo wake. Walinung'unika, mmoja akasema huu ni utaratibu wa Wazungu, lakini neno la mgonjwa halipingwi.

Akafariki wakati wa masika, mchana, baada ya kunywa uji na kuulalamikia sukari. Nikampigia mjukuu.

"Nipo, bibi."

"Babu yako ametangulia."

Nyuma yake nikasikia simu inaita.

"Baba mdogo na mkwe wanakuja na basi la jioni," akasema. "Mimi nabaki, kama alivyosema."

"Mwanangu..."

"Bibi, wacha nipokee hii."

Siku ya kuzika uwanja ulijaa, watu wametoka Bunda, wametoka Musoma, wengine wamesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba. Katekista alimaliza sala za ndani, ikafika zamu ya wajukuu. Kwetu wajukuu wa kike husimama mlangoni wanazuia jeneza. Wanasema mume wetu hatoki, hajatuaga, hajatununulia nguo. Watu wanacheka katikati ya machozi, mpaka mkubwa mmoja awabembeleze ndipo wanapisha. Walisimama wale wengine. Walijitahidi, lakini mzee hakuwataniaga vile, hawakujua waseme nini.

Wifi yangu, yule dada wa marehemu, akapaza sauti. "Na mke mdogo mwenyewe yuko wapi? Au ameshaolewa na serikali?"

Wachache wakacheka. Nikasema, "Ametumwa na mumewe."

"Katumwa! Kazi gani hiyo inayozidi kumzika babu yake?"

"Ya kupokea simu yako wewe wifi, siku ukianguka."

Akasonya, akageuka. Nilijiona nimemtetea mtoto wangu.

Jeneza lilipokuwa linashuka nikatoa simu kwenye pindo la khanga. Nilitaka asikie wimbo tu, na ule udongo. Alipokea haraka, sauti yake ya kazini, ile isiyo na mtu ndani. "Bibi, nina mama kwenye laini." Ikakatika. Nikabaki nimeishika sikioni, wanaimba, nami najifanya bado naongea, ili wifi asijue.

Mjukuu alikuja msiba umeshafagiwa. Ilibidi wale wawili warudi kwanza, wakae sawa, ndipo apewe mapumziko. Turubai lilisharudishwa, sufuria za kuazima zilisharudi kwa wenyewe. Hakupita ndani. Alikwenda moja kwa moja kaburini, udongo bado mwekundu, maua ya karatasi yamechuja rangi kwa mvua. Akasimama, nikasikia ule mlio wetu wa msiba unaanza, kwa chini, kama mtu anayeinua mzigo.

Wifi alikuwa bado hajarudi kwake. Akatoka mbio anajifunga khanga. "Wewe! Msiba umefagiwa! Unataka atutoke mwingine?" Maana ndivyo ilivyo kwetu, kilio kikishafagiwa hakirudiwi, anayekirudia anaita kingine. Kisha akanitazama mimi. Mwenye mji nilikuwa mimi sasa. Ningesema mwacheni alie, wangemwacha.

Nikaweka mkono mgongoni kwa mtoto, nikasema, "Nyamaza, mama. Nyamaza."

Akanyamaza. Papo hapo, kama bomba limefungwa. Akaomba maji anawe. Akauliza mbuzi wanaendeleaje.

Jioni nilimsindikiza barabarani kusubiri bodaboda. Akasema, "Bibi, usinionee huruma. Mimi nililia."

"Ulilia wapi?"

"Siku ileile. Nilipokata simu yako nilimtafutia yule mama wa kwenye laini gari, nikalisubiri mpaka wakanipigia kwamba limefika. Ndipo nikashindwa. Kijana wa Bunda akanivua hedifoni akavaa yeye, akaniambia toka dada, toka. Mkuu wetu akanipeleka nje, nyuma ya ukuta. Nikalia mpaka blauzi yake ikalowa. Hakuniambia ninyamaze."

Hakulisema kwa kunisuta. Pikipiki ikaja, akapanda akakaa upande, akanipungia mkono.

Nasikia sasa kibali kimetoka. Wameongezwa watu, wa Tarime, wa Serengeti, na hawachukui tena watu wa nyumba moja. Kwenye rosta msiba umewekewa rangi. Ni vizuri, nashukuru, asije mtoto mwingine akakosa gari. Lakini mume wangu amekwisha kuzikwa, na aliyempenda kuliko sisi sote alimlilia kifuani kwa mama wa pwani ambaye sura ya marehemu hakuijua.

Wifi nilimweleza, tukagombana, tukapatana. Mjukuu anakuja kama zamani, analeta sukari na dawa yangu ya presha, ananichekesha. Kaburini anang'oa majani. Mwezi uliopita nilimfuata nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia, "Mwanangu, hayupo mtu hapa. Lia sasa, mimi nimesema."

Akang'oa jani jingine, akalikung'uta udongo. "Sina tena, bibi," akasema.