Mtoto wa Mgongoni

Félicité hakusomea uchoraji popote. Alianzia Bukavu, akimshikia mjomba wake kopo la rangi, na hapa Durban anaishi kwa kuchora vichwa vya misuko kwenye kuta za saluni, kutoka Umbilo hadi Jacobs. Kilichomgeuza ni kitabu cha picha alichoachiwa na mteja aliyehama, kazi za mchoraji mmoja wa Meksiko. Bwana huyo alikwenda Ulaya akachora kama Wazungu, kisha akarudi kwao na kujaza kuta kubwa kwa watu wa kwao: wakulima, wauza maua, akina mama walioelemewa na mizigo. Félicité alipomwona mama aliyepiga magoti chini ya kikapu, machozi yalimtoka. Alimwona mama yake mwenyewe akipanda mlima wa Kadutu kule Bukavu, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, na mtoto mgongoni.

Basi kanisa lilipomwomba amchore Bikira Maria ukutani mwa ukumbi, alimchora kama alivyomjua: amefunga kitenge, ameinama kidogo, Mtoto Yesu amelala mgongoni.

Jumamosi asubuhi Papa Athanase, mwenyekiti wa komite ya kanisa, akaingia na ndoo ya rangi nyeupe na rola.

"Dada, uso wa Mkombozi iko wapi?"

"Amelala, Papa. Mtoto akibebwa anaegemea mgongo wa mama."

"Ndiyo kusema ametugeuzia mgongo. Watu wanaomba, yeye anasinzia. Mchore kama wa kalenda, macho ya bluu, mkono juu. Ama tufute."

Damu ilimpanda Félicité kichwani. Siku zote alizokuwa juu ya ngazi, bila kuomba hata soda, huyu hakuja kutazama. Lakini jasho si kitu. Kilichomchoma ni kuambiwa kwamba namna mama yake alivyombeba ni aibu mbele za Mungu. Mungu gani huyo anayeuonea haya mgongo wa mama?

Inès, muumini mwenzao aliyekuwa akipiga deki ukumbini huku mwanawe amefungwa mgongoni, akainuka.

"Papa, na sisi kesho kwenye Misa? Tuwafungue watoto mlangoni, tuwageuze wakuangalie?"

"Usinichekeshe, mama. Wako si Mungu."

"Na wa Maria alipokuwa akilia, nani alimbeba? Komite?"

Athanase akachovya rola. Félicité akaenda kusimama mbele ya picha, mgongo ukutani.

"Mimi sifuti, Papa. Ukitaka kufuta, anzia kwangu."

"Eish, dada, toka. Nguo itaharibika."

"Iharibike."

Inès naye akaja kusimama kando yake, akageuza uso ukutani, na mtoto wake akabaki amelala mbele ya macho ya mwenyekiti. Rola ikadondosha rangi kwenye viatu vya kanisani vya Athanase. Akaiweka chini.

"Namwita Padri."

"Mwite," Félicité akasema. "Mwambie aje na mama yake aliyembeba."